Jicho Litangulie Jiwe

"Jicho litangulie jiwe." Ndivyo babu yenu alivyomwambia huyu bwana mdogo mwenye manati, naye amenuna kama aliyenyimwa wali. Weka hiyo manati chini, wewe! Kaeni wote. Mmeniuliza msemo huu umetoka wapi. Basi ulianza hivi.

Hapa kwetu Mkindu, mwaka mmoja, mpunga ulianza kunyauka kabla haujakomaa. Aliyeumia zaidi ni Havijawa, mjane. Shamba lile moja ndilo lililomlisha yeye na wanawe. Alishinda juu ya dungu, ule ulingo wa kulindia mpunga, akiamia ndege kwa kombeo mpaka sauti ikamkauka, na mpunga ukazidi kunyauka tu. "Ni hawa minana," akasema. Kweli, kila mgunga ulioinamia mfereji ulikuwa umejaa viota vyao.

Lakini desturi yetu, viota havivunjwi mpaka mwizi aonekane. Havijawa akamwita mdogo wake, Matimbwa, aliyekuwa mpiga picha wa harusi.

"Niletee picha ya mnana na punje mdomoni. Fanya hima, mdogo wangu, wanangu watakula nini?"

Matimbwa akapanda dungu la ng'ambo ya mashamba. Loo! Bibi harusi ukimwambia tulia, anatulia. Mnana nani atamwambia? Picha zote zikatoka ukungu mtupu. Ikambidi ajifunze kubana pumzi na kujua ndege atatua tawi gani. Akamwona dume akisuka kiota, jike akaja akakikataa, dume akakifumua na kuanza upya bila kinyongo. Akawapenda, nisiwafiche. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Akiipata picha, ndege hawa wamekwisha. Asipoipata, dada yake atalala njaa. Alikosa raha kabisa.

Havijawa naye akachoka kungoja. Asubuhi moja akawakusanya majirani, wakaja na mawe na miti mirefu, wakaanza na mgunga wa shambani kwake.

Matimbwa akasikia kelele. Papo hapo mnana akatua kwenye kiota mbele yake. Akabana pumzi, akapiga, akaikuza picha kwenye kioo cha kamera. Mdomoni hapakuwa na punje. Palikuwa na kiwavi mnene, na kinda ameachama akimngojea.

Akakimbia, kamera ikimgonga kifuani.

"Dada, acheni! Tazama anachobeba!"

"Kiwavi? Mimi nimekuagiza viwavi?"

"Inama basi, uangalie mashina ya mpunga wako."

Akainama, akapekua. Viwavi walijaa tele, wanatafuna. Jiwe likamponyoka.

"Mungu wangu, nimefanya nini?"

Viota vya mgunga wake vyote vilikuwa chini, na makinda ndani.

Mashamba mengine yalipona, kwa kuwa viota vya huko havikuguswa. Minana wa mgunga ule hawakurudi, na viwavi wakalimaliza shamba la Havijawa. Tulimchangia mpunga, tungemwachaje? Ila tangu hapo, alipomwona mtoto ameokota jiwe, alimshika mkono, akamgeuzia uso kwa ndege, na hakumwachia mpaka aseme ameona nini.

Haya, bwana mdogo, chukua manati yako. Yule mnana pale juu amebeba nini?

Hujui?

Basi jicho litangulie jiwe.