Ukindu Mwekundu wa Mama Mnana

Paukwa!

Pakawa!

Shhh! Polepole. Apeni kwanza kwamba hamtamwambia mtu. Mmeapa? Haya. Mimi mwenyewe nimeshamwambia jirani, na jirani mnamjua, mdomo wake hauna mlango.

Zamani za kale, wanyama walivuka bonde kwa tenga. Tai wanne waliliinua kwa kamba, puu! puu! hao, hewani. Mwenye tenga ni Ngiri. Msusi wa kamba ni Mama Mnana, ndege mdogo kama kidole gumba.

Desturi yao ilikuwa hii. Msusi akiona kamba imelika, anaifunga ukindu uliochovywa rangi nyekundu, mbichi. Tai wakiuona, hawaliinui tenga mpaka kamba isukwe upya.

Asubuhi ya gulio Mama Mnana akapapasa kamba. Nyuzi zikamkatikia mguuni, ta-ta-ta.

"Bwana Ngiri, hii haifai."

"Kesho."

"Jana ulisema kesho. Juzi ulisema kesho!"

"We mama, huoni abiria? Tukichelewa watahamia tenga la Nyani! Kwani imekatika?"

"Ikikatika nikwambie wewe, au niwaambie wafiwa?"

Ngiri akakoroma. "Kiota chako kinaning'inia mti wa nani? Wasusi wamejaa kila tawi!"

Mama Mnana akainua macho mtini. Makinda yake yamo kiotani humo. Akatazama tengani: Swala na mapacha wake, na mzee Kobe. Akachovya ukindu, akaufunga, kaza! Akaenda kutafuta kamba mpya.

Hajafika mbali, kwacha! Akageuka. Ukindu haupo! Tai wamekunjua mbawa!

"Shukeni! Shukeni wote!"

Wakashuka mbiombio. Tai mkubwa akaijaribu kamba kwa mdomo. Pa! Vipande viwili. Swala akawakumbatia mapacha wake.

"Nani kautoa ukindu wangu?" akalia Mama Mnana. "Nani?"

"Mmm-mmh," akaguna Ngiri, midomo kaifumba.

"Sema vizuri, baba," akasema Kobe. "Hatusikii."

"Upepo!"

Loo! Meno mekundu. Ulimi mwekundu. Na ukindu wenyewe unaning'inia kwenye pembe lake la mdomoni, unadondoka rangi, to, to, to, mbele ya wote.

Na mbona yeye mwenyewe hakupanda tenga lake? Hebu niambieni!

Basi shikeni: kamba iliyolika haijui kesho, na anayemziba fundi mdomo anawachimbia abiria kaburi. Hadithi yangu imetua hapo, salama, na kamba zake zote.