Daftari Lisilo na Mwandishi

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Saunoa, mkutubi wa chuo cha theolojia nje kidogo ya mji wa Apia, Samoa, aliijua methali hiyo, ila aliamini haikuwahusu wakutubi.

Miaka mitatu mfululizo Lotoala, mkutubi mwenzake wa kisiwa cha mbali cha Funafuti, alimsihi aingize orodha ya vitabu vyake katika katalogi moja mtandaoni, pamoja na vyuo vingine vya visiwani.

"Mama, leta orodha tu. Vitabu vibaki kwako."

"Leo orodha, kesho kitabu, keshokutwa rafu tupu. Mimi si mtoto, Lotoala!"

"Basi utazikwa navyo!"

"Na nafasi nimeshaacha!"

Wakacheka, na orodha haikwenda.

Alichokilinda kama mboni ya jicho ni daftari la marehemu babu yake, Mwalimu Tauili, alimofafanua Kitabu cha Yona kwa mkono wake. Hata kulipiga picha alikataza. Mwaka huo sinodi ikaamua lichapishwe. Saunoa alifungua sanduku, akafunua kitambaa cha siapo kilichofumwa kwa gome la mti, akakuta mchwa wamelila kuanzia katikati ya sura ya pili hadi mwisho.

"Yona kabaki tumboni mwa samaki," mkuu wa chuo alisema, asijue acheke au alie.

Saunoa alilia. Kazi ya babu yake ilikuwa imemfia mikononi.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, aliifungua ile katalogi aliyoibeza na kutafuta Yona. Chini ya Funafuti paliandikwa: "Daftari la Kisamoa. Mwanzo umepotea. Mwandishi hajulikani." Zamani wanafunzi wa chuo walinakili mafundisho ya walimu wao, wakaenda nayo visiwani walikotumwa kuhubiri. Alitazama picha za kurasa. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwingine, lakini maneno yalikuwa ya babu, nayo yalianzia ndani ya sala ya Yona, mistari michache kabla ya pale mchwa walipoanzia.

Akampigia Lotoala. "Hilo daftari lenu ni la babu yangu."

"Mama! Miaka kumi na moja tunauliza ni la nani. Ungeleta orodha..."

"Najua, mwanangu. Usinimalize."

Jioni ile ile alipiga picha kurasa zake zilizosalia, akazituma pamoja na orodha nzima. Kisha Lotoala akamwachia afute mwenyewe neno "hajulikani", naye akaandika jina ambalo ubahili wake ulilificha: Tauili. Ama kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.