Swali Lenye Jibu Moja

Kaeni, wapendwa. Na ninyi mnaoota jua hapo mlangoni, ingieni ndani kidogo, maana mfano wa leo ni wa baridi na nataka tuusikie tukiwa tumebanana.

Kulikuwa na fundi mmoja wa lifti, mzaliwa wa huku huku kwetu nyanda za juu, aliyekwenda kufanya kazi katika nchi moja ya milima kule Ulaya. Lifti, kwa wale ambao hawajafika mjini siku nyingi, ni kile chumba kinachopandisha watu ghorofani bila wao kunyanyua mguu. Basi fundi huyu wiki nzima kazi yake ilikuwa kuwapunguzia wenzake safari ya ngazi, na siku yake ya mapumziko, badala ya kulala, alikwenda kupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe. Naona mnacheka. Subirini, bado.

Alikuwa na marafiki watatu, wote watu wa nyumbani. Wa kwanza muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuamrisha. Wa pili dereva wa basi, mtu mnene mwenye maneno mengi. Wa tatu mpishi wa hoteli, mkimya, mdogo kuliko wote. Hawakuzaliwa tumbo moja, wala hata wilaya moja, lakini ugenini walishakuwa ndugu. Dereva alipofiwa na mama yake akashindwa kusafiri, matanga yalikaliwa sebuleni kwa fundi, siku tatu, watu wamelala juu ya mazulia. Mpishi ndiye aliyewapikia wote, na ndiye aliyeosha vyombo.

Sasa wenyeji wa kule walikuwa wamewafundisha mchezo wao. Unavaa miguuni mbao mbili ndefu nyembamba, wenyewe wanaziita ski, unateleza juu ya theluji. Wengi huenda mahali palipoandaliwa, mashine inawavuta juu, wao wanateleza chini. Wale wanne hawakutaka mashine wala umati. Walikwenda huko ndani milimani, kusiko na njia wala kibanda. Chini ya mbao walibandika utepe wenye manyoya yaliyolala upande mmoja. Ukisukuma mguu mbele unakwenda, ukianza kurudi nyuma manyoya yanakataa. Hivyo walipanda hatua kwa hatua, saa nne nzima, jasho likiwatoka kwenye baridi inayogandisha ndevu. Wakifika kileleni wanabandua utepe na kuteremka kwa dakika ishirini. Saa nne kwa ajili ya dakika ishirini! Kuna mama wa kwaya hapa ananitazama kana kwamba mchungaji wake amechanganyikiwa.

Lakini mama, ungewaona. Theluji mpya ambayo hakuna kiumbe aliyeikanyaga, ninyi mmekaa juu mnamung'unya ubuyu uliotumwa kutoka nyumbani, mnatazama milima mia mpaka macho yanachoka. Halafu mnashuka. Muuguzi, ambaye wodini hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alikuwa akishuka anapiga vigelegele. Dereva alianguka kila mara na kila mara alikuwa na wa kumlaumu. Fundi alisema hivi, na nawaomba mlishike neno lake: kwamba katika wiki nzima, ile ndiyo siku pekee ambayo hakujiona mgeni. Je, mtu kama huyo anapanda saa nne kwa ajili ya theluji? Anapanda kwa ajili ya wale watatu.

Kwa kuwa fundi ndiye aliyeujua mlima vizuri, yeye alitangulia, na mpishi alikuja wa mwisho. Walikuwa na desturi yao. Kila waliposimama, fundi aligeuka na kupaza sauti, "Tuko pamoja?" Nao huko nyuma, kila mmoja kwa sauti yake, walijibu, "Tuko pamoja." Fundi alihesabu sauti. Zikifika tatu, safari inaendelea. Alikuwa mtu makini, msidhani alikuwa mzembe. Mtu anayefunga kamba za lifti hawezi kuwa mzembe.

Siku moja, mchana, walikuwa wakishuka kupitia msitu wa misonobari na ukungu ukawafunika. Mtu humwoni akiwa hatua kumi. Fundi alisimama, akauliza kama kawaida. Muuguzi akajibu. Dereva akajibu. Kwa mbali kidogo, juu kule, mpishi naye akajibu. Sauti tatu. Fundi akaendelea kushuka mpaka pale bondeni walipokuwa wakinywa chai siku zote.

Muuguzi akatoa chupa ya chai. Dereva akakung'uta theluji, akakaa. Wakangoja. Chai ikamiminwa katika vikombe vinne, na kikombe cha nne kikaanza kupoa. Dereva akasema huenda mpishi anafunga kamba za viatu. Muuguzi akasema hakuna kiatu kinachofungwa kwa dakika kumi. Wakaita. Ukungu ukanyamaza.

Hapo fundi alisimama, akaacha chai. Walibandika tena utepe chini ya mbao na kuanza kupanda. Mmewahi kupanda mlima huku mnakimbia? Alikuwa akitazama chini kwenye theluji, kwenye michirizi waliyoiacha wakishuka. Michirizi ilikuwa mitatu. Akapanda zaidi, mitatu. Aliomba kwa sauti, akimtajia Mungu jina la mpishi na jina la mama yake mpishi, ambaye ndiye aliyemkabidhi kijana wake kwa simu akisema, baba, huyu ni mdogo wako. Angemwambia nini mama yule? Angeanzia wapi?

Kisha akaona mchirizi wa nne. Ulikuja kutoka juu, ukapinda kuelekea kwenye msonobari mkubwa, ukaishia pale.

Ile miti ina matawi yanayogusa chini, na theluji haishindiliki karibu na shina. Juu unaona tambarare, chini ni shimo. Mpishi alikuwa humo, amezama mpaka kwenye makwapa, na theluji ya matawini ilikuwa imemwangukia kichwani na mabegani. Macho yake yalikuwa wazi. Midomo imekuwa rangi ya zambarau. Alipowaona alijaribu kutabasamu, akashindwa.

Walifukua. Kila mmoja alikuwa na koleo dogo begini, na nawaambia walifukua kama watu wanaotafuta kilicho chao. Baada ya robo saa walimvuta nje, wakamlaza juu ya mabegi, wakamfunika makoti yao matatu. Alikuwa anapumua. Alikuwa anatetemeka, na muuguzi akasema kutetemeka ni kuzuri, atetemeke sana. Kisha mama yule wa amri akakaa chini kwenye theluji na kulia, bila kujificha, na kumshukuru Mungu kwa kilugha cha kwao.

Fundi alipiga magoti karibu na kichwa cha mpishi.

"Mdogo wangu, kwa nini hukuita?"

"Uliuliza," mpishi akasema taratibu. "Nikajibu."

"Ulijibu kwamba tuko pamoja."

"Nilikuwa nimezama mguu mmoja tu wakati ule. Nikajua nitautoa. Na sasa fundi, lile swali lako, lina jibu jingine?"

Wapendwa, mfikirieni fundi. Alikuwa ameuliza swali lile mwaka mzima. Aliuliza kileleni, aliuliza bondeni, na moyoni alijiona mchungaji mwema wa kundi dogo. Hakuwahi hata siku moja kungoja jibu ambalo hakulijua. Alichongoja ni sauti tatu ili aendelee na safari yake.

Basi akauliza swali lake la kwanza la kweli. Akasema, "Mguu wako ule uliozama kwanza. Unausikia?"

Mpishi akafungua mdomo. Fundi aliliona lile jibu likija, ninyi mnalijua, lile la niko salama kaka, msijali. Halafu mpishi akamtazama muuguzi, akamtazama dereva, akaona wote wametulia wakimsubiri.

"Siusikii," akasema. "Siusikii tangu kule kileleni. Buti limepasuka, theluji inaingia."

Tangu kileleni. Mmesikia? Kabla ya shimo, kabla ya ukungu. Baada ya kutoka kileleni fundi alikuwa amesimama mara tatu kuuliza, na mara zote tatu mtu mwenye mguu uliokufa ganzi alijibu kwa sauti safi kwamba tuko pamoja. Hata ule mkunjo uliompeleka kwenye mti ni kwa sababu mguu ulikataa kugeuka.

Muuguzi aliruka kutoka alipokaa. Buti likavuliwa. Vidole vilikuwa vyeupe, vigumu. Akamwamuru dereva afungue mashati yote, akauchukua ule mguu wa barafu akaubandika kwenye tumbo la dereva, ngozi kwa ngozi, na dereva akatoa sauti ambayo sitaiiga hapa madhabahuni. Wakakaa hivyo. Fundi akamnywesha mpishi chai iliyobaki kwenye chupa. Muda ukapita, muuguzi anabonyeza kidole kimoja kimoja, anauliza, hiki je? Hakuna. Hiki je? Hakuna.

Halafu mpishi akasema, "Kinauma."

Walishangilia! Watu wazima wanne chini ya msonobari wanashangilia kwamba mtu anaumia. Cha pili kikauma. Cha tatu kikauma mpaka mpishi akatukana, naye hakuwahi kutukana, na dereva akacheka hadi machozi yakamtiririka, huku mguu uko palepale tumboni. Vidole vyote kumi alirudi navyo nyumbani. Ukungu uliondoka, wakashuka polepole, mpishi katikati yao, mguu umefungwa soksi tatu za watu watatu. Na kila waliposimama fundi alimwuliza, kinauma kipi? Naye akamwambia.

Sasa turudi kwetu, maana sisi hatuna theluji, tuna sakitu tu, ule umande unaoganda mwezi wa sita juu ya viazi.

Sisi tunasalimiana kuliko watu wote duniani. Habari za asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Kazi? Tunashukuru. Mtu anatoka hospitalini ameambiwa neno zito, unamwuliza habari, anasema nzuri. Mtu ana msiba, kaburi halijafunikwa, habari za msiba? Nzuri. Mimi siwalaumu, ndiyo adabu yetu, na ni adabu njema. Lakini tuambizane ukweli. Tunapouliza hivyo, tunauliza, au tunaomba ruhusa ya kuendelea na safari?

Nami najisema kwanza. Kuna dada mmoja wa usharika huu, amenipa ruhusa niseme ila nisimtaje. Miezi minne nilimpa mkono hapo nje kila Jumapili, habari dada, nzuri mchungaji. Miezi minne hiyo alikuwa analala na watoto jikoni kwa jirani. Nimejuaje? Si kwa busara yangu. Mjukuu wangu alimwuliza, kwa nini unanuka moshi. Swali la utovu wa adabu kabisa, na dada yule akalia, akasema yote, na leo ana paa juu ya kichwa chake kwa sababu ninyi mlichangia mabati bila kujua ni ya nani. Namshukuru Mungu alipatikana. Nilikuwa nimeshafika bondeni, ninakunywa chai.

Fundi wangu alikuwa mtu mwema na aliwapenda wenzake kwa moyo wote. Upendo wake haukupungukiwa na kitu, isipokuwa swali. Je, katika nyumba yako, mumeo unamwulizaje? Mama yako aliyeko kijijini, unapompigia simu huku unatembea, unamwuliza swali ambalo anaweza kulijibu vibaya? Na wewe unayejibu, wewe mpishi uliyekaa humu, mkimya, unayepikia misiba ya wenzako: mguu wako umekufa ganzi tangu lini?

Najua yupo humu mtu aliyezama mpaka makwapani. Najua pia kwamba nikimsalimia ataniambia nzuri. Kwa hiyo leo sitasalimia. Tukimaliza nitasimama pale nje kama kawaida, nitakushika mkono, na nitanyamaza. Foleni ikichelewa, ichelewe, na ugali upoe.

Uanze wewe.