Mashine Ndani ya Mfuko wa Kitenge

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Waliotuachia maneno haya walijua kwamba mgongo wa mwanadamu huwa mgumu kama gogo pale anapotakiwa kuomba msaada kwa mtu aliyewahi kumdharau. Mama Rosette, mshonaji wa mji wa Baraka, aliisikia methali hii tangu utotoni, lakini hakuielewa hadi Jumamosi moja asubuhi, akiwa amebakiwa na saa moja na nusu tu.

Aliacha shule akiwa darasa la nne, mwaka ambao familia yake ilivuka ziwa kukimbia vita. Tangu hapo jina lake halikuandikwa tena katika orodha yoyote ya shule. Alipofikisha miaka arobaini na tisa, alijiunga na masomo ya jioni ya kompyuta kanisani. Mwalimu Darius aliwagawia wanafunzi mashine kuukuu zilizowekwa mfumo wa Linux, kisha akasafiri kwenda Kazimia na kuwaachia agizo: kila mmoja amtumie barua kwa mtandao, kutoka kwenye mashine yake mwenyewe, kabla ya Jumamosi saa sita mchana. Asiyetuma hataingia mwaka wa pili.

Agizo hilo halikumtisha Mama Rosette. Nyumba yake ilipakana na kanisa, na mtandao wa kanisa ulifika hadi jikoni kwake. Darasani mashine yake ilikuwa imeunganika bila shida. Siku ya kwanza aliyoileta nyumbani aliishonea mfuko wa kitenge ili isiingiwe na vumbi, mfuko uliobana kama sare ya mtoto aliyekua ghafla. Tangu siku hiyo, mtandao ukagoma.

Alizima akawasha. Alihamisha meza. Alinakili amri kutoka kwenye daftari lake, herufi moja moja, na mashine ikadai neno la siri. Alipoliandika, haikuonyesha hata nukta moja, akadhani imemnunia. Mara nyingine ilimwambia aunganishe kwanza mtandao ndipo ipakue dawa ya mtandao, kama mgonjwa wa miguu anayeambiwa dawa iko juu ya mlima. Mama Rosette alifunga na kuomba siku mbili. Aliiwekea mashine mikono, akataja jina la Bwana. Mashine ilibaki kimya kama jiwe la mtoni.

Jumamosi saa nne na nusu alifika Gatesi, jirani aliyesoma naye kanisani, ambaye barua yake ilikuwa imekwisha kufika Kazimia.

"Mama Rosette, Mungu amekupa mukwe mwenye anatengeneza mamashini," Gatesi alimwambia, "na wewe uko unasumbua malaika."

"Mukwe ni mukwe. Siwezi kaa naye uso kwa uso."

"Sema tu ile maneno ulisema siku alikuja kuomba muke. Ndiyo inakufunga."

Ni kweli kwamba katika ukoo wao mama mkwe na mkwe hawatazamani, na hata salamu hupitia kwa mtu wa tatu. Lakini ni kweli pia kwamba siku ile alisema mbele ya wazee wote kuwa Lionel ni kijana wa kukaa kivulini akikwaruza simu za watu. Mila ilikuwa ngao nzuri. Nyuma yake alificha aibu. Alitazama saa, akamtuma binti yake Vanessa amwite mumewe.

Lionel alikuja upesi, akaketi barazani. Mama Rosette alibaki ndani, nyuma ya pazia la mlango.

"Vanessa, uulize mama kama iko taa yenye kuwaka mbele ya mashine."

"Umwambie hakuna taa."

"Mi niko nini hapa, posta?" Vanessa alilalamika. "Munasikilizana wote wawili."

Mashine ikapitishwa chini ya pazia, ndani ya mfuko wake. Lionel akaitoa, akaigusagusa kidogo, na mtandao ukashika. Mama Rosette alisikia, akainua mikono kumshukuru Mungu. "Uirudishe mu mufuko kwanza," alimwagiza Vanessa, "vumbi iko mingi." Ilipofika ndani akaitoa, na mtandao ulikuwa umekufa.

Ikatoka tena, ikafufuka. Ikarudi ndani ya mfuko, ikafa. Mara ya tatu Vanessa akaanza kulilaumu pazia.

"Huku inashika, kule inakufa," alisema Lionel, kidole chake kikiwa chini ya ukingo wa mashine. Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini. Kwa adabu, akamtaja mama mkwe kwa wingi: "Vanessa, uambie mama, kwa heshima, batoke baone na macho yabo. Hii haiwezi kubebwa na mudomo."

Nyuma ya pazia, Mama Rosette aliliona jina lake likielea mbali kama boya lililokatika kamba. "Bwana, unishushe," alinong'ona. Akajifunika kitenge kichwani, akapita pazia, akapiga magoti sakafuni kando ya mkwe wake. Mashine ilikuwa sakafuni mbele yao, lakini alisema haoni kitu.

"Chini zaidi," Lionel alisema, macho yake yakiwa ukutani.

Akainama mpaka shavu lake likakaribia saruji. Hapo ndipo alipoiona: swichi ndogo kama punje ya mtama, chini ya ukingo wa mbele wa mashine. Lionel akaisukuma kulia, mtandao ukaja. Kisha akaivisha mashine mfuko polepole, na pindo la kitenge likaikamata swichi na kuirudisha kushoto.

"Ni mushono wangu," alisema Mama Rosette. "Lionel." Hakuwahi kulitamka jina hilo. "Ile siku nilikuzarau mbele ya watu. Unisamehe, mutoto wangu."

"Mama, tuma kwanza barua. Saa inaenda."

Mfuko ukavuliwa, swichi ikarudishwa kulia, naye akaandika palepale sakafuni, kwa kidole kimoja, na barua ikaondoka zikiwa zimesalia dakika nne. Jioni orodha ya mwaka wa pili ikafika, na jina la tisa lilikuwa lake. Alilisoma mara tatu, kisha akachukua mkasi na kufumua pindo la mfuko, magoti yake yakiwa bado na vumbi la baraza.

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.