Dawa Ipo Jikoni

Mtu mmoja alikuwa na mama mzee, mke mwema, na tumbo lisilojua neno basi. Jina lake Tweve. Alikaa kwenye vilima vya Makete, ambako kipupwe kikiingia umande huganda juu ya majani, na watu hushinda karibu na moto, wakila chakula kizito na kutembea kidogo. Mwanawe Lusajo alikuwa amekwisha kuoa na kuhamia kwake, hivyo nyumbani walibaki watatu.

Baridi hiyo ilimtesa mama yake Tweve. Kila miezi hiyo ilipofika, tumbo lake lilijaa gesi, likakataa maharage, likakataa hata ugali, na mama akabaki mifupa mitupu. Ndipo Atuganile, mke wa Tweve, akapanda mnanaa na shamari nyuma ya jiko. Alichemsha majani na mbegu pamoja na tangawizi, akampa mkwewe kikombe kabla ya chakula. Mama akacheua, tumbo likatulia, akala. Mwaka ule hakuna aliyehofia kumzika.

Kipupwe kilichofuata Tweve alivimbiwa kwa nyama ya nguruwe, akaomba naye aonje. Kikombe kikamsaidia. Mtu mwenye akili angeshukuru na kupunguza tonge. Tweve aliongeza. Sasa alijua kwamba hata akila mpaka mkanda umshinde, dawa ipo jikoni, na ikishuka tumboni atakuwa mwepesi kama hakula kitu. Akaanza kuleta na wenzake wa kilabuni, akiwahimiza wale bila woga, maana mkewe ni bingwa wa majani.

Atuganile aliona. Kila alipochota mahindi alikipima kihenge kwa macho, na kihenge kilikuwa kinashuka upesi kuliko baridi ilivyokuwa ikipita. Gunia la maharage nalo lilikuwa limelegea. Alitaka kusema. Lakini mumewe alipolala chali akilalama na kushika tumbo, huruma ilimwingia, akachochea moto. Na tuseme kweli, sifa nazo zilimlevya kidogo: wageni walipomsifu alitabasamu na kuongeza maji kwenye sufuria. Jioni aliufunika mnanaa wake kwa nyasi kavu usiungue na baridi. Mimea aliilinda sana. Kihenge hakuna aliyekilinda.

Mama naye aliliona fungu lake likipungua siku hadi siku, akaona aibu kumhesabia matonge mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Kipupwe kikiwa bado katikati, jua likielekea kuzama, mama alikunywa kikombe chake kama kawaida. Dawa ikafanya kazi yake. Tumbo likafunguka, likaanza kudai, naye akanawa mikono akasubiri. Tweve akaketi kando yake, akanawa pia, akamkumbusha mkewe kwa sauti asisahau kumwekea dawa yake ya baada ya kula. Atuganile akatoka jikoni na birika lililojaa, likifuka mvuke. Sahani hakuwa nayo. Aliliweka birika mbele ya mumewe, kwa hasira na kwa huzuni pia, maana sehemu ya kosa alijua ni yake.

"Baba Lusajo," alisema, "dawa ipo, kunywa mpaka utosheke. Chakula ndicho kimekwisha."

Tweve alimgeukia mama yake. Mama alikuwa bado ameiinua mikono yake iliyolowa, akingoja sahani, kwa sababu masikio yake ya kizee hayakuwa yamesikia.

Ndugu zangu, kihenge ni haki ya kila aliyemo nyumbani, na kile kikombe ni msamaha, uliopandwa ili aliye dhaifu apate kula. Basi wewe unayeomba msamaha kila jioni ili kesho ule tena fungu la mwenzako, unadhani siku moja kitakachokosekana ni msamaha?