Firigisi za Bwana Shekue

Majogoo watano wa Bi Zamda waliingia uani kwa tajiri Shekue, naye akawafungia bandani. "Kuku akiingia kwangu ni wangu," alimwambia.

Bi Zamda alizimeza hasira zake. "Sawa, bwana. Ila tangu nilipowamwagia mtama asubuhi, pete yangu ya dhahabu siioni."

Macho yakamtoka Shekue. "Basi majirani washuhudie: nyama yako, vya tumboni vyangu. Na nachinja na kunyonyoa mwenyewe, usije ukanificha kitu."

Alipasua firigisi zote tano, akakuta changarawe tu. "Pete iko wapi?"

"Labda chini ya godoro, bwana. Sijapatazama," alisema Bi Zamda, akijitwika sinia la nyama. "Utumbo wako usiuache juani, utanuka."