Kijidude Ndani ya Pindo la Khanga

Sogeeni, na simu zenu ziwekeni chini kwanza. Mimi sisimulii huku mtu anachungulia kiganja.

Tanga palikuwa na mjane, Bi Mashavu. Mumewe alipanda treni kwenda Moshi, akafia huko, akazikwa huko huko. Tangu hapo, kila Ijumaa alasiri bibi hutoweka, akarudi magharibi macho mekundu. Ukimwuliza anajibu, "Nilikwenda kwangu." Basi.

Watu watatu walimpenda. Mwanawe Mbwana, fundi simu, alichelea mama atapotea, akamshonea ndani ya pindo la khanga kijidude kinacholia simu ya Mbwana ikikikaribia. Hakumwambia. Pindo, jamani! Pale mwanamke anapofunga vyake!

Jirani wa bibi, Chausiku, alikuwa na kamera getini. Wezi walipozidi, mtaa mzima uliikubali, naye akaapa kutazama wezi tu. Wapi! Alijua kila mtu anatoka na nani, anarudi saa ngapi.

Bi Mize, shoga wa bibi tangu utotoni, hakuwa na mtambo wowote. Yeye aliambiwa na bibi siri ya Ijumaa zile, akaapa kutoitoa.

Ijumaa moja ikanyesha mvua kubwa. Magharibi ikapita, bibi hayupo. Bi Mize akaulizwa, akang'ang'ania kiapo chake. Chausiku akafungua kamera: bibi huyo anatoka bila mkongojo, anapepesuka. Hapo Bi Mize akaangua kilio. "Stesheni ya zamani! Kila Ijumaa huenda pale kumngoja mumewe!"

Wakakimbia. Stesheni tupu, majani yamefika kiunoni. Mbwana akatembea na simu yake mpaka kijidude kikalia mtaroni. Bibi alikuwa hai, kwa shida, mguu umevunjika.

Alipopata nafuu aliwaita, pindo amekwisha kulifumua kwa meno.

"Mmeniokoa, ahsanteni. Lakini wote watatu mmenivua nguo. Pale ndipo nilipokuwa nalia nikatosheka. Nina hamu naye mpaka leo, mwenzenu. Sasa peke yangu siwezi. Nitakwenda kule na mmoja, na wawili waliobaki wasifuatilie tena nyendo zangu."

"Mama, bila mimi ungefia mtaroni," alisema Mbwana.

"Na bila mimi nani angejua una hali mbaya?" alisema Chausiku.

Bi Mize alilia tu.

Haya, nyinyi wajuaji. Ijumaa ndiyo hii, bibi ameshajitanda khanga, yuko mlangoni anangoja mkono wa kumshika. Je, wewe ungeamua mkono huo uwe wa nani?